Wazazi wanaikubali chanjo, mbona watoto hawaletwi?

Swali: Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Mbagala, wilaya ya Temeke. Chanjo ni bure, zahanati haiko mbali, na karibu kila mzazi ninayemtembelea ananiambia kwamba chanjo ni jambo jema. Hata hivyo dozi ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18, watoto wengi wa mtaani kwangu hawaipati kwa wakati, na chanjo ya HPV, ile ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi, ilipokuja shuleni wapo waliowazuia mabinti zao wasiende siku hiyo. Tumetoa elimu mpaka sauti zimekauka. Je, ni ujinga, ni ukaidi, au kuna kitu hatukioni? Mwenzangu mmoja anasema tuwape zawadi. Hiyo si kuwahonga wazazi?

Jibu: Katika swali lako moja kuna wazazi wa aina mbili, na ningependa tuwatenganishe kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu dawa ya mmoja haimfai mwenzake. Mzazi ambaye hakumleta mtoto wa miezi 18 na mzazi aliyemwambia binti yake abaki nyumbani siku ya chanjo ya HPV wanaonekana sawa katika rejista, kwa kuwa wote wawili wameacha nafasi tupu. Lakini wa kwanza amekwisha kusema ndiyo, akashindwa kuifikisha ndiyo yake zahanati. Wa pili amesema hapana, au bado hajaamua na anaona ni salama zaidi kusubiri. Uchumi wa tabia, yaani tawi la uchumi linalochunguza namna binadamu anavyoamua akiwa katikati ya haraka, hofu, uchovu na maneno ya majirani, umejifunza mengi juu ya wote wawili, na mojawapo ni kwamba elimu, ambayo ndiyo silaha yenu kuu, haimgusi sana yeyote kati yao. Wa kwanza hana upungufu wa elimu. Wa pili anayo elimu nyingine, aliyoipata kwa mtu anayemwamini kuliko anavyokuamini wewe.

Nianze na wa kwanza, kwa kuwa kwa maelezo yako hao ndio wengi.

Itazame ratiba yenyewe. Mtoto huanza na BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio anapozaliwa, hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 kwa dozi ya kwanza ya surua na rubela, na miezi 18 kwa dozi ya pili. Mwanzoni miadi imekaribiana, mama bado anahesabiwa kuwa mzazi mchanga, ndugu wanamsaidia, na kliniki imekuwa sehemu ya maisha yake. Kufikia miezi 18 mtoto anakimbia uani, ana afya, mama amerudi kwenye biashara yake au amepata ujauzito mwingine, na kadi ya kliniki iko chini ya godoro au imebaki kwa bibi Rufiji. Hakuna dalili yoyote mwilini mwa mtoto inayomkumbusha mama kwamba tarehe imefika. Gharama ya kwenda iko leo, nayo inaonekana. Faida iko siku isiyojulikana, nayo ikipatikana haitaonekana, kwa kuwa faida ya chanjo ni ugonjwa ambao haukutokea. Wachumi wanauita mwelekeo huu upendeleo wa leo: kitu kilekile tunachokithamini sana tukikifikiria kwa ajili ya mwezi ujao hupungua uzito siku ya kukifanya inapowadia. Mama anayesema "nitampeleka wiki ijayo" anasema kweli. Tatizo ni kwamba wiki ijayo ikigeuka kuwa wiki hii, hesabu inakuwa ileile, na kila kuahirisha kwa siku saba kunaonekana ni jambo dogo lisilo na madhara. Miezi sita hupita hivyo bila mtu yeyote kukataa chochote.

Kisha tuitazame hiyo bure. Chanjo ni bure, lakini asubuhi ya mama anayechoma vitumbua si bure. Akifika zahanati saa mbili na kutoka saa sita, amepoteza mauzo ya siku nzima na pengine mtaji wa kesho. Ongeza nauli ya bajaji kama jua ni kali na ana watoto wawili, na ongeza uwezekano wa kufokewa mbele ya wanawake wenzake kwa sababu amechelewa miezi mitatu au kadi imelowa. Gharama hii ya mwisho haimo katika bajeti ya mtu yeyote, lakini naamini ni nzito kuliko nauli, hasa kwa msichana mwenye mtoto wake wa kwanza. Kadiri alivyochelewa ndivyo anavyoogopa zaidi kufokewa, na kadiri anavyoogopa ndivyo anavyochelewa.

Hapa niondoe dhana moja inayopendwa sana vikaoni, kwamba watu hawathamini cha bure na kwamba wangelipishwa kidogo wangeona umuhimu wake. Dhana hiyo imepimwa kwa jirani zetu, magharibi mwa Kenya, katika utafiti wa Jessica Cohen na Pascaline Dupas uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito. Bei ilipopandishwa kutoka sifuri hadi kiasi kisichozidi senti 60 za dola, idadi ya waliochukua vyandarua ilianguka kwa pointi 60 za asilimia, na waliolipia hawakuonekana kuvitumia zaidi ya waliopewa bure. Kizuizi kidogo hufukuza watu wengi, na kilichowafukuza wateja wa vyandarua ni bei ndogo kuliko asubuhi moja ya mchoma vitumbua.

Kuna mwamuzi mwingine ambaye hukumtaja katika swali lako, naye ni muuguzi. Chanjo ya surua na rubela huja katika chupa ya dozi 10, na unga wake ukishachanganywa hutumika ndani ya saa 6, kinachobaki hutupwa. Tuseme Jumanne wamekuja watoto wawili tu. Akifungua chupa, dozi nane zitatupwa na kuandikwa katika taarifa yake ya mwezi, ambapo msimamizi wa wilaya ataziona na pengine atamwuliza. Akiwaambia akina mama "rudini Alhamisi, siku hiyo watoto huwa wengi", hakuna safu yoyote katika taarifa hiyo inayoonyesha kwamba mmoja wao hakurudi. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Mimi ningeongeza kwamba hasara iliyoandikwa humuuma mtumishi kuliko hasara isiyoandikwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi, kwamba chupa ya surua ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu dozi zinazotupwa ni nafuu kuliko mtoto anayepotea. Lakini mwongozo hauketi pale dirishani na muuguzi. Na mama aliyerudishwa siku moja hujifunza kwamba kwenda zahanati si sawa na kupata chanjo, akawasimulia wenzake wawili watatu, na tangu hapo kila safari ya mtaa ule ina thamani pungufu kabla haijaanza. Kabla hujabadilisha neno moja la mafundisho yako, chunguza ni mara ngapi mama wa mtaani kwako ameondoka zahanati bila mtoto kuchanjwa. Kama jibu ni zaidi ya mara chache, hapo ndipo penye kazi, na kazi hiyo haiko kwa mama.

Njia zinazomfaa mzazi wa aina hii ni zile zinazopunguza umbali kati ya nia na tendo, na nyingi ni rahisi. Katika utafiti wa Katherine Milkman na wenzake uliochapishwa mwaka 2011, wafanyakazi wa kampuni moja ya Marekani walipewa karatasi ya kawaida ya kuwajulisha kuhusu chanjo ya mafua, na baadhi yao karatasi yao ilikuwa na nafasi ya kujiandikia siku na saa watakayokwenda. Waliochanjwa walikuwa asilimia 33 kwa karatasi ya kawaida na 37 kwa ile yenye siku na saa. Hakuna aliyewaadhibu wala kuwafuatilia; kupanga saa pekee kulitosha kuwasukuma wengine. Katika jaribio jingine, la Gretchen Chapman na wenzake, lililochapishwa mwaka 2010, watumishi wa chuo kikuu waliopangiwa miadi tayari, wakaambiwa wanaweza kuifuta wakitaka, walichanjwa kwa asilimia 45, na walioambiwa waombe miadi wenyewe walichanjwa kwa asilimia 33. Kwa hiyo badala ya kumwambia mama "usisahau kumpeleka mtoto", mwambie "nimekuandikia Alhamisi ijayo saa tatu, utapita ukitoka sokoni au kabla?" na uiandike nyuma ya kadi mbele ya macho yake. Swali la kama atakwenda limekwisha kupitwa. Linalobaki ni la saa.

Kusogeza huduma karibu kunazidi yote hayo. Nchini Sierra Leone, wakati wa chanjo ya korona, watafiti walikuta kwamba mtu wa vijijini alihitaji kwa wastani saa tatu na nusu za safari kufika kituo cha chanjo, kwenda tu. Timu za chanjo zilipopelekwa katika vijiji vyenyewe baada ya mazungumzo na viongozi wa huko, kiwango cha waliochanjwa kilipanda kwa takriban pointi 26 za asilimia katika siku mbili tatu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2024. Sisi wenyewe tuliliona jambo linalofanana na hilo. Chanjo ya korona ilizinduliwa Ikulu, Dar es Salaam, tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa mbele ya kamera, miezi michache tu baada ya viongozi wa juu kuionyesha shaka hadharani. Dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen zilikuwa zimeshafika, lakini mwendo wa mwanzo ulikuwa wa kusuasua. Ulipokuja Mpango Shirikishi na Harakishi, wachanjaji wakatoka hospitalini wakaenda stendi, sokoni, misikitini, makanisani na nyumba kwa nyumba, na mwanzo wa mwaka 2022 waliokamilisha chanjo walikuwa chini ya asilimia 10 ya watu wote, ilhali mwisho wa mwaka huohuo walikaribia nusu. Sidhani kwamba imani za Watanzania ziligeuka kwa kasi hiyo katika miezi 12. Nadhani wengi walikuwa watu wa aina ya kwanza, ambao tuliwahesabu kuwa wakaidi kwa sababu tu hawakujitokeza.

Sasa nije kwa waliowazuia mabinti.

Fikiria mzazi aliyesikia kwamba chanjo ya HPV itamfanya binti yake asizae. Habari hiyo si ya kweli, lakini tuitazame hesabu inavyokaa kichwani mwake. Akiruhusu na likatokea lolote, hata homa ya siku mbili, mkono wake umo; ndugu wa mume watamwuliza kwa nini alikubali. Akizuia na binti akapata saratani ya shingo ya kizazi akiwa na miaka 45, hakuna atakayelikumbuka lile Jumatano la shule ya msingi, na msibani itasemwa kwamba ni mipango ya Mungu. Ilana Ritov na Jonathan Baron waliupima mwelekeo huu mwaka 1990. Waliwaambia watu wafikirie ugonjwa unaoua watoto 10 katika kila 10,000, na chanjo inayouzuia lakini ambayo yenyewe inaweza kuua wachache. Wengi hawakuikubali chanjo hata pale vifo vyake vilipokuwa pungufu ya vile vya ugonjwa. Kifo kilichotokana na kutenda kilihesabiwa kizito kuliko kifo kilichotokana na kuacha. Mwelekeo huo haumhusu mtu wa Mbagala peke yake wala asiyesoma; ni wa binadamu.

Kwa HPV mzigo huo ni mkubwa zaidi, kwa sababu faida iko miongo kadhaa mbele, ugonjwa wenyewe unahusu tendo ambalo mzazi hataki hata kulifikiria kwa binti wa miaka 10, na chanjo inatolewa kwa wasichana peke yao, jambo ambalo bila maelezo linaalika maswali. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mabadiliko hayo nayo yanaweza kusomwa vibaya, kwamba "kumbe zamani walitupatia dozi mbili bila sababu". Hapo una habari njema ambayo sijasikia ikisemwa vya kutosha mitaani: sehemu ya ushahidi kwamba dozi moja inatosha ilipatikana Mwanza, kwa wasichana wa Kitanzania 930 waliofuatiliwa katika utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu. Mzazi anayeuliza "imejaribiwa kwa nani?" anastahili kujibiwa hivyo, kwa heshima, kwa sababu swali lake ni la mtu mwenye akili.

Nalisisitiza hilo la heshima kwa sababu shaka mara nyingi ina historia. Sara Lowes na Eduardo Montero, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walifuatilia kampeni za wakoloni wa Kifaransa dhidi ya malale huko Kameruni, Gaboni, Chad, Kongo na Afrika ya Kati, ambako wanakijiji walikusanywa kwa nguvu na kudungwa dawa ambazo baadhi zilileta upofu na gangrini, yaani kuoza kwa nyama ya mwili. Wajukuu wa waliotembelewa zaidi na timu zile wana imani ndogo zaidi na tiba leo, na watoto wao wanachanjwa kwa kiwango cha chini. Nchini Pakistani, mwaka 2011, ilipofichuka kwamba kampeni ya chanjo ilitumiwa na majasusi wa Marekani kumtafuta Osama bin Laden, uchanjaji wa watoto ulishuka kwa kiasi kikubwa katika maeneo yenye wafuasi wengi wa vyama vya mrengo wa Kiislamu. Mtu wa Abbottabad, mji alikopatikana bin Laden, aliyekataa sindano baada ya hapo hakuwa mjinga. Alikuwa amepokea habari ya kweli na kuitanua kupita kiasi. Ukiingia kwa mzazi kama huyo na kipeperushi, unamletea karatasi kutoka kwa watu walewale anaowashuku.

Hata karatasi ikisadikiwa, haihakikishi kitu. Brendan Nyhan na wenzake waliwapa wazazi wa Marekani maelezo ya kukanusha uvumi kwamba chanjo ya surua huleta usonji, uvumi uliopandwa na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Katika matokeo yao ya mwaka 2014, wazazi waliusadiki ukanusho huo, lakini wale waliokuwa na mashaka zaidi tangu mwanzo walipungukiwa nia ya kuchanja. Tafiti zilizofuata zinaonyesha kwamba kurudi nyuma namna hiyo si jambo la kawaida, na sitaki likutishe. Lakini kusahihisha habari ni kazi moja, na kubadilisha uamuzi ni nyingine. Kwa mzazi wa aina ya pili ningekushauri uanze kwa kumwuliza alisikia nini na kwa nani, umsikilize mpaka mwisho, kisha umtafute mtu wa karibu naye ambaye binti yake amechanjwa. Mama aliyeuguza dada yake pale Taasisi ya Saratani Ocean Road akizungumza uani kwake kwa dakika kumi atafanya zaidi ya semina yako ya nusu siku. Wazazi wa aina hii ya pili ni wachache. Usiwatumie kipaza sauti.

Nikitaja kipaza sauti, kuna tabia moja ya magari ya matangazo ambayo ningependa ife: ile ya kulalamika kwamba "wazazi wengi hawawaleti watoto". Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliwahi kupima bango la namna hiyo katika hifadhi moja ya Arizona, lililosikitika kwamba wageni wengi wameiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Wizi uliongezeka. Ukiwatangazia watu kwamba wengi hawafanyi, umewapa ruhusa. Kama mtaani kwako watoto wanane katika kumi wamechanjwa, tangaza hao wanane.

Sierra Leone tena, safari hii kwa chanjo za kawaida za watoto, Anne Karing alijaribu bangili za rangi ambazo mtoto huvishwa kliniki, na rangi hubadilishwa anapokuja kwa dozi husika, hivyo kila jirani anaona mtoto wa nani amefika wapi. Bangili iliyofungamanishwa na dozi ya surua, ambayo wazazi waliiona kuwa muhimu, iliwaleta wengi zaidi. Iliyofungamanishwa na dozi ambayo wazazi hawakuiona ya maana sana haikusaidia kitu. Kwa maneno mengine, macho ya majirani husukuma pale tu jamii inapokubali kwamba jambo hilo ni jema. Kwa surua huko Mbagala ningelijaribu. Kwa HPV leo ningeliacha, nisije nikamtia alama binti wa watu katikati ya mabishano.

Na umbea usiudharau. Huko Haryana, India, Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao waliwauliza wanakijiji swali jepesi: ni nani kijijini hapa ambaye habari ikimfikia, imewafikia wote? Waliotajwa ndio waliopewa kazi ya kusambaza ujumbe wa siku za chanjo, na vijiji hivyo vilichanja kwa asilimia 22 zaidi ya vijiji vilivyopewa wajumbe wa kuokoteza tu. Kumbuka kwamba waliotajwa hawakuwa lazima viongozi. Mjumbe wa nyumba kumi anastahili kuarifiwa kwa adabu, lakini mwenye genge pale kona, anayejua nani amejifungua na nani amehama, huenda ndiye unayemhitaji.

Labda utashangaa sijataja hoja ambayo vitabu vyetu vya uchumi huanza nayo, kwamba mzazi anaweza kutegea: watoto wa wenzangu wakichanjwa, wangu atalindwa bila sindano. Kwa nadharia ni kweli, na kwa surua, ambayo mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, utegaji mdogo tu unaangusha ulinzi, kwani inatakiwa takriban asilimia 95 wawe na kinga. Lakini mzazi anayepiga hesabu hiyo sijawahi kumwona Temeke. Nashuku sisi wachumi tunaipenda hoja hiyo kwa sababu inachoreka vizuri ubaoni.

Sasa hiyo zawadi. Jaribio linalojulikana zaidi lilifanyika Udaipur, jimbo la Rajasthan, India, na lilichapishwa mwaka 2010. Katika vijiji ambavyo havikufanyiwa lolote, watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 6. Palipowekwa kambi ya chanjo ya kila mwezi isiyokosa, wakawa 18. Palipowekwa kambi hiyo pamoja na kilo moja ya dengu kwa kila dozi na seti ya sahani mwishoni, wakawa 39. Tofauti ya kambi mbili hizo ilijitokeza hasa katika kumaliza ratiba, kwani kuanza walianza karibu sawa, na kwa sababu muuguzi yuleyule sasa alichanja watoto wengi kwa siku, gharama ya kila mtoto aliyekamilisha ilishuka ingawa dengu zilinunuliwa. Kenya, katika Kaunti ya Siaya, ujumbe wa simu pamoja na shilingi 200 za Kenya uliwapeleka watoto waliokamilisha kutoka asilimia 82 hadi 90. Ujumbe peke yake, au na shilingi 75, uliishia 86. Hata Wasweden walisogea: kroni 200 ziliongeza waliochanjwa korona kwa pointi 4.2 za asilimia. Bahati nasibu ya dola milioni moja ya jimbo la Ohio, Marekani, kwa waliochanjwa korona mwaka 2021, kwa upande mwingine, ilipiga kelele nyingi na uchambuzi uliofuata haukuona ongezeko la maana. Mkono unaoondoka na kitu leo, kidogo lakini cha hakika, hujibu upendeleo wa leo kwa lugha yake. Ndoto ya mwezi ujao haijibu.

Je, ni hongo? Hofu yako ina ukoo wa heshima. Tangu mwaka 1970 Richard Titmuss alidai kwamba kulipia damu kunaua moyo wa kujitolea. Kwa chanjo, watafiti waliwafuatilia Wasweden waliolipwa na wengine wa Marekani, wakachapisha mwaka 2023 kwamba hawakuona malipo yakiharibu maadili yao, imani yao kwa wachanjaji, wala nia yao ya kuchanja baadaye. Kwangu mimi kilo ya dengu inalipia asubuhi ya mama aliyekwisha kukubali, na hilo silioni kuwa hongo. Kwa anayeogopa binti atakuwa tasa ni kinyume: kadiri zawadi inavyokuwa kubwa ndivyo atakavyojiuliza kuna nini ndani ya sindano hiyo. Kwa hiyo usipeleke zawadi yoyote kwenye chanjo ya HPV.

Kwa dozi ya miezi 18, ukipata fedha kidogo, ningezitumia kwa mpangilio huu. Kwanza zimlipie muuguzi na bodaboda ya huduma ya mkoba Jumamosi moja ya kila mwezi, jioni, pale ofisi ya serikali ya mtaa, siku ileile bila kukosa, na chupa ifunguliwe hata kama amekuja mtoto mmoja. Pili zinunue vocha ya kuwapigia simu wazazi ambao tarehe zao zinafika wiki hiyo. Zikibaki, nunua sabuni za mche, umpe kila mama aliyeleta mtoto, aliyewahi na aliyechelewa sawasawa, bila maneno. Na katika daftari lako la kutembelea nyumba ongeza safu moja mbele ya jina la kila mtoto ambaye hajakamilisha, uandike kama mzazi wake alisema "bado" au alisema "hapana".